Bahari ya Buluu Ina Njaa

Tuliokulia pwani tuna kipimo kimoja cha bahari: macho. Maji yakiwa ya buluu, maangavu hadi mchanga unaonekana, tunasema bahari ni hai. Yakigeuka kijani tunakunja uso: imechafuka! Vipeperushi vya utalii vinakipigia debe kipimo hicho, na watoto tunawarithisha. Ni kipimo kibovu, na wakati wa kukitupa umefika.

Buluu ya bahari kuu ni rangi ya jangwa. Maji huwa maangavu kwa sababu fitoplanktoni, vile vimea visivyoonekana kwa macho, ni vichache mno. Na vimea hivyo ndivyo shamba la bahari: karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia ni kazi yao. Planktoni wanyama huvila, dagaa huwala planktoni wanyama, jodari huwala dagaa. Penye buluu tupu, shamba limekosa mbolea.

Mbolea ipo, ila iko chini. Viumbe wakifa huzama, na naitreti na fosfeti zao hujikusanya gizani, mbali na jua. Upepo ndio unaozipandisha. Kusi inapovuma pwani ya Somalia, Juni hadi Septemba, maji ya juu husukumwa mbali na nchi kavu, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yao. Bahari huota kijani. Huo ni msimu wa kilimo, tunauita uchafu!

Wala vimea hivi si takataka zinazoelea tu. Chovya kasia usiku wa giza uone maji yanavyometameta: aghalabu hao ni dinoflajeleti, na wana mijeledi ya kuogelea. Baadhi yao hushuka usiku kuifuata naitreti, asubuhi hupanda kulifuata jua. Diatomu, wenye magamba ya silika, huzaana upesi mbolea ikifika. Lakini pakikosekana chuma, hata naitreti tele haiwafai. Mwaka 1995 wanasayansi walimwaga chuma katika eneo la Pasifiki ya ikweta, na maji ya buluu yakawa kijani.

Sisemi kila kijani ni neema. Kijani cha Ziwa Victoria kinacholishwa na majitaka na mbolea za mashambani humaliza oksijeni, na huweza kuwa na sumu. Wala sisemi maji maangavu hayana uhai: matumbawe huyapenda, kwa kuwa hufuga mwani ndani ya miili yao. Ninachosema ni kwamba rutuba ya upepo na rutuba ya mfereji si moja, na jicho peke yake haliwezi kuzitofautisha.

Kosa hili la kupima bahari kwa rangi lina gharama: linatuficha hatari inayokuja. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakakaa kama kifuniko. Upepo hushindwa kukoroga, mbolea haipandi. Ziwa Tanganyika limeshatuonya: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa uzalishaji wa vimea vyake ulipungua kwa takriban asilimia 20, na dagaa wa Kigoma wanaishi kwa vimea hivyo.

Basi tuwafundishe watoto wetu kuuliza maji yanalisha nini kabla ya kuyasifu rangi. Siku bahari yetu itakapobaki ya buluu hata Kusi ikivuma, wapiga picha watafurahi. Mvuvi atarudi na tenga tupu.