Mkono wa Mchuaji na Mfuko wa Bima

Mpakiaji wa magunia pale stesheni ya Mpanda akibanwa na kiuno, hukimbilia kwanza kwa mchuaji wa mtaani mwenye chupa yake ya mafuta. Mara nyingi hupata nafuu, wala kazi hiyo si ya kudharauliwa. Utata huzuka inapoulizwa ni nani alipe.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, hulipa vituo ulivyofunga navyo mkataba. Mtumishi wa serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza 3. Fedha hizo ni za wote. Haziwezi kutolewa kwa mkono usiojulikana ulifundishwa wapi.

Iko na bima nyingine, ile inayomkinga mchuaji mwenyewe asifilisike akimdhuru mtu. Katika nchi ambako bima hiyo imeenea, kampuni hukinga kazi iliyotajwa katika mkataba, basi. Aliyejiandikisha kuchua mgongo, kisha akaanza kuunga mifupa na kupinda shingo, ameiongeza hatari kimyakimya, naye huachwa.

Tusidhani huo ni ukaidi wa makarani. Mguu uliovimba huweza kuwa na damu iliyoganda mshipani. Ukikandwa, donge huweza kung'oka likaziba mapafu, na mtu akafa. Shingo ikipindwa kwa nguvu, mshipa upelekao damu kwenye ubongo huweza kuchanika. Ni nadra, lakini fidia ya ajali moja ya namna hiyo humeza ada za wachuaji wengi kwa miaka. Ndiyo maana kampuni nyingine hulitupa kundi zima, hodari pamoja na wababaishaji. Hapo siafikiani nazo: kupepeta ni kazi yao, na ada wanalipwa.

Kwetu, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kuwasajili waganga. Kusajiliwa hakumpi mtu malipo ya bima, ila humtoa gizani.

Kwa sasa, mwenye kadi aanze hospitali, aulize habari za mtaalamu wa fiziotherapia, na ahakikishe mapema kama huduma hiyo imo katika kifurushi chake. Na mguu mmoja ukivimba bila kuanguka wala kugongwa, chupa ya mafuta ibaki kabatini.