Sindano mbili kwa uzi mmoja



Katika mkutano uliopita mama mmoja aliuliza hivi: binti yangu amemaliza masomo, sasa anataka kujifunza kushona vifaa vya ngozi vya farasi, yaani matandiko, hatamu na vigwe. Farasi wako wapi kwetu?

Swali ni la haki. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mbung'o huleta ugonjwa wa nagana, na ugonjwa huo huua farasi. Kinshasa na Lubumbashi kuna klabu za kupanda farasi, lakini wateja wale peke yao hawatalisha nyumba.

Hata hivyo ninasema: mwache ajifunze. Kule Ufaransa, mwaka 1837, Thierry Hermès alifungua Paris karakana ya kutengeneza hatamu na mikanda ya farasi. Magari yalipokuja, farasi walipungua barabarani, lakini nyumba ile haikufunga mlango. Ilishona mikoba kwa mshono uleule wa farasi, na mpaka leo inaushona. Binti akiujua mshono huo, atashona mshipi wa suruali, mkoba wa shule, mkanda wa mbwa, hata kamba ya ng'ombe.

Mshono wenyewe ni huu. Uzi ni mmoja, sindano ni mbili, moja kila ncha. Unatoboa tundu kwa msharasi. Sindano ya kushoto inapita kwanza, kisha ya kulia inapita katika tundu hilohilo, halafu unavuta pande zote mbili kwa nguvu sawa. Katika mshono wa mashini, uzi wa juu na wa chini hushikana tu. Mmoja ukikatika, mshono huanza kufunguka. Katika mshono huu, uzi mmoja ukikatika, wa pili bado umeshika kila tundu.

Ndiyo maana watu wa farasi wanaupenda. Mshipi unaopita tumboni mwa farasi ndio unaoshika tandiko. Ukiachia wakati farasi anakimbia, mtu anaanguka, na anaweza kufa. Kwa hiyo mwanafunzi asianze na mshipi huo, wala na vigwe, wala na mikanda ya kukanyagia. Aanze na kitu kisichobeba uhai wa mtu: kishikio cha funguo, kisha mshipi wa suruali, kisha mkanda wa mbwa. Akishazoea, ashone mkanda wa kichwani wa kuongozea farasi kwa miguu. Vingine vitangoja mpaka fundi wake akubali.

Somo la kwanza lisigharimu. Mwombe fundi viatu mabaki ya ngozi nene, milimita 3 au 4, iliyolainishwa kwa maganda ya miti. Ngozi laini inayovutika kama mpira haifai. Kateni vipande viwili vya sentimita 20 na kuvigandisha pamoja. Pigeni mstari milimita 4 kutoka ukingoni, na kutia alama za matundu kila milimita 3. Kwa ngozi nene hivi, uzi wa kitani uwe mara kumi ya urefu wa mshono: kwa sentimita 20, mita mbili zinatosha. Upakwe nta ya nyuki. Sindano ziwe butu, kwa sababu kazi ya kutoboa ni ya msharasi. Ngozi ibanwe kati ya mbao mbili zilizoshikwa kwa magoti, mikono yote ibaki huru. Mwishoni arudi nyuma matundu matatu, ndipo akate uzi. Msharasi usiachwe mahali watoto wanapocheza.

Kisha mjaribu mshono. Kateni uzi mmoja katikati, mvute vipande kwa nguvu. Vikiachana, arudie. Tazameni pia ukingo: unyolewe makali, ulowanishwe kidogo na kusuguliwa kwa kitambaa mpaka uteleze. Farasi hawezi kusema kwamba mkanda unamkwaruza. Mtaona kidonda tu.

Shuleni, mtoto wa mwaka wa kwanza anaandika herufi moja ukurasa mzima kabla hajaandika jina lake. Hakuna mzazi anayenilalamikia kwa hilo. Lakini mtoto akienda kwa fundi, mwezi wa pili tu tunauliza, "Umeleta pesa ngapi?" Hapo anaharakisha, anashona kitu ambacho mkono wake haujakiweza, anakiuza. Mama, siku mshono huo ukifunguka juu ya mgongo wa farasi, pesa ile haitarudisha mguu wa mtu.

Basi ushauri wangu ni huu. Mpatane na fundi tangu mwanzo muda wa kujifunza, na ni kitu gani mtoto ataruhusiwa kuuza kwanza. Kwa vikundi vyenye likelemba, nunueni msharasi, nta na uzi kwa pamoja, wasichana watatu au wanne watumie kwa zamu. Na kila juma, badala ya kuuliza pesa, mwambie binti yako, "Nionyeshe mshono." Uvute mwenyewe kwa mikono yako. Ukishika, msifu.