Uamuzi juu ya Mtoto Mchanga Aliye Mahututi

Miongoni mwa mambo yanayoitatiza akili ya tabibu na kuuchoma moyo wa mzazi kwa wakati mmoja, sidhani kama liko zito kuliko kusimama mbele ya mtoto mchanga asiyeweza kunena wala kuashiria alitakalo, na kuamua kama apumuzwe kwa mashine au aachwe afikiwe na ajali yake. Nami nawausia wazazi na waganga wayatenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuacha kumtaabisha mtoto anayekufa, na kumnyima tiba mtoto anayeweza kuishi kwa sababu tu maisha yake hayatupendezi.

Mwaka 1982, katika mji wa Bloomington, jimbo la Indiana huko Marekani, alizaliwa mtoto mwenye sindromu ya Down, ambaye umio wake haukufika tumboni, hata maziwa yasiweze kupita. Kasoro hiyo hutengenezwa kwa upasuaji, na wapasuaji walikuwa wakiifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1940. Lakini wazazi, baada ya kuelezwa jinsi akili yake itakavyokuwa pungufu, walikataa asipasuliwe, mahakama zikakataa kuwapinga, na ijapokuwa walijitokeza watu waliotaka kumchukua wamlee, mtoto yule, pasipo kulishwa, akafariki siku ya sita. Umio ulikuwa na dawa yake. Alihukumiwa kwa ulemavu ambao haukuwa ukimuua, na hiyo, kwa rai yangu, ni dhuluma, hata kama waliohukumu walikuwa wakilia.

Lakini wasije wakadhani wasomaji kwamba kila mashine ni lazima iendelee. Papa Pius wa 12 aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba hawafaradhiwi kutumia njia zisizo za kawaida kurefusha uhai, na wanazuoni wa fikihi waliokutana Amman mwaka 1986 waliruhusu kuondoa vyombo pale ubongo unapokuwa umekufa pasi na matumaini ya kurejea. Mtoto ambaye mapafu yake hayatapona kamwe, akidungwa sindano kila saa, hapewi uhai.

Linalonisikitisha zaidi ni namna shauri lenyewe linavyopitishwa. Mama yungali wodi nyingine, mshono wa upasuaji haujakauka, hajampakata mwanawe hata mara moja, huku baba akitiliwa kalamu mkononi ukumbini atie sahihi karatasi asiyoielewa. La hasha! Daktari na aketi, aeleze kwa lugha ya nyumbani kinachojulikana na kisichojulikana; aitwe daktari wa pili; mama aletwe, japo kwa kiti cha magurudumu; na shehe au padri aitwe kama wazazi wanamtaka. Ikiamuliwa kuacha mashine, dawa ya maumivu na joto la mwili visiachwe. Kisha uamuzi uandikwe katika faili pamoja na sababu zake na majina ya waliokuwapo, ili atakayetaka kuuhoji apate pa kuanzia.