Ni Nani Anayependwa? Khabari ya Mapenzi katika Michezo ya Kompyuta

Dada yetu mmoja, msomaji wa siku nyingi, ametuletea barua ambayo mara ya kwanza tuliisoma kwa kutabasamu, na mara ya pili hatukutabasamu. Asema kwamba binti yake, aliyekwisha maliza masomo na sasa afanya kazi, alikaa siku mbili hana hamu ya chakula wala maneno. Mama akadhani pengine pana msiba wa rafiki, au pana posa iliyovunjika kwa siri. Alipomhimiza sana, binti akasema kwamba ameachwa na mtu aitwaye Alistair. Mama akashtuka, kama ambavyo mama ye yote angalishtuka. Kumbe Alistair huyo hana mkono wala mguu. Ni mtu wa ndani ya mchezo wa kompyuta! Basi mama akacheka, akamwita na baba aje acheke naye, na tangu siku hiyo binti hamwambii mama yake neno ila salamu. Dada yetu atuuliza kama mtoto ana akili timamu.

Dada, mtoto ana akili timamu. Na utuwie radhi, kosa lilikuwa katika kicheko. Lakini si haki kukuambia hivyo bila ya kukueleza mchezo wenyewe ni wa namna gani, kwa kuwa wazazi wengi hudhani kwamba michezo yote ya kompyuta ni magari ya kushindana na bunduki za kuuana.

Michezo hii ilianza mezani. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji hukaa pamoja, na kila mmoja hujitungia mtu wake: jina lake, jamii yake, kazi yake, nguvu zake na udhaifu wake. Mmoja wao husimulia hadithi, wengine husema watu wao watatenda nini, na dadu huamua kama jambo limefaulu. Baadaye kompyuta ikashika kazi ya msimulizi. Katika mji wa Edmonton, Kanada, kampuni ya BioWare, ambayo miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo matabibu, ilitoa Baldur's Gate mwaka 1998, na sehemu ya pili mwaka 2000. Katika sehemu hiyo ya pili, wenzi wa safari waweza kumpenda mchezaji, na mapenzi yenyewe hukua kwa mazungumzo ya njiani. Mmoja wao ni Jaheira, ambaye mwanzoni tu mwa hadithi mumewe, Khalid, akutwa ameuawa. Mchezaji amtakaye mwanamke huyu hana budi kuzungumza na mjane, na marehemu yumo katika mazungumzo yao. (Atakayeuliza khabari ya eda, ajue kwamba mchezo ule hauna kadhi.)

Sasa tuje kwa huyo Alistair. Yeye ni wa mchezo mwingine wa kampuni hiyo hiyo, Dragon Age: Origins, uliotoka Novemba 2009. Humo kila mwandani ana kipimo cha ridhaa, kutoka 100 chini ya sifuri mpaka 100 juu yake, na mchezaji hukiona kwa macho. Ukisema neno limpendezalo mwenzako, kipimo chapanda. Ukisema limchukizalo, chashuka. Zawadi nazo zapandisha. Morrigan, mwanamke wa sihiri aliyelelewa mwituni, hupenda vito na mapambo. Alistair hufurahi sana akirudishiwa kidani cha mama yake, alichokivunja kwa hasira utotoni, kikaja kuungwa na bwana aliyemlea.

Hapa ndipo nionapo khatari, na sipo wazazi wengi waionapo. Mpwa wangu alinionyesha vitabu vya mwongozo ambamo yameandikwa majawabu: ukiulizwa hili, sema lile, utapata kadha wa kadha. Kijana akizoea hivyo huja akadhani kwamba moyo wa mtu ni kufuli, na maneno ni funguo, na kazi yake ni kujaribu moja baada ya moja mpaka ifunguke. Wala hamjui mtu aliye mbele yake. Ajua hesabu yake tu. Na wako watu wazima, waume kwa wake, ambao hawajagusa kompyuta maisha yao na wamefungua milango kwa funguo hizo hizo.

Lakini kama mchezo ungekuwa ni hesabu tupu, binti yetu asingelilia. Alilia kwa sababu mchezo ulimkataa.

Mwanzo wa Dragon Age: Origins mchezaji huchagua asili moja katika sita. Aweza kuwa mtoto wa kabaila wa kibinadamu. Au mtu wa sihiri. Au mmoja wa watu wafupi wakaao chini ya ardhi, akiwa mtukufu wao au mnyonge wao. Au Elfi wa mwituni, au Elfi wa mjini. Elfi ni jamii yenye masikio ya ncha, ambao katika hadithi hiyo waliwahi kuwa watumwa wa binadamu, na hata baada ya kuachwa huru wale wa mjini wakaa katika mitaa yao peke yao, wamezungukwa na kuta, wakidharauliwa. Alistair naye ni mwana wa mfalme, aliyezaliwa nje ya ndoa. Kadiri hadithi iendavyo yajulikana kwamba aweza kutawazwa, na mchezaji mwenyewe ndiye mwenye kauli kubwa katika kumtawaza. Mchezaji akiwa binti wa kabaila, aweza kuolewa naye akawa malkia. Akiwa Elfi, yule yule aliyempa waridi njiani, akishajua kuwa atakuwa mfalme, humwambia kwamba mfalme hawezi kumwoa mtu kama yeye, na mambo yao hayana budi kukoma.

Neno hili tunalijua, nalo ni kufu. Binti alichagua siku ya kwanza, pengine kwa kupendezwa na sura tu, kuwa mtu wa jamii iliyodharauliwa. Kisha akafanya mema yote, akaokoa nchi, akamtawaza mpenziwe, na malipo yake akaambiwa kwamba si kufu. Waliomo katika kuusoma mstari huu wako watakaokumbuka posa fulani na nyumba fulani. Mimi sitaji.

Kampuni ile ililirudia jambo hili mwaka 2014, katika Dragon Age: Inquisition, kwa namna iliyo kali zaidi. Mumo mwenzi aitwaye Solas, naye hampendi ila mwanamke wa Kielfi. Mwanamke huyo ana chale za usoni ambazo kwake ni fahari ya watu wake na urithi wa wazee. Usiku mmoja Solas amweleza kwamba zama za kale chale hizo zilikuwa alama za watumwa, akajitolea kumwondolea. Mchezaji akubali au akatae, Solas amwacha papo hapo. Fikirini basi: mpenzi amekuja, amekuvua jambo ulilodhani ndilo dhati yako, kisha amekwenda zake. Sijui waandishi wangapi wa riwaya wamepata kuandika mapenzi kwa ujasiri huo.

Kinyume cha hayo ni Baldur's Gate 3, mchezo wa kampuni ya Larian, ya mji wa Ghent, Ubelgiji, uliotoka Agosti 2023 na mwishoni mwa mwaka huo ukapewa tuzo ya mchezo bora wa mwaka. Humo wenzi wakuu wa safari wako tayari kumpenda mchezaji, awe mwanamume au mwanamke, awe wa jamii yo yote. Nilipoanza kuandika ukurasa huu nilikusudia kuulaumu kwa jambo hilo. Nilitaka kusema kwamba mtu akubaliye kila sura hakuitazama hata moja. Lakini mpwa wangu akanizuia, akanionyesha nililokuwa silijui. Katika mchezo huo kuna kundi la wakimbizi waliojihifadhi mahali, na mchezaji aweza kuwasaidia maadui wao kuwaua. Akifanya hivyo, Wyll na Karlach, wawili katika wenzi hao, humwacha na wala hawarudi, hata kama mmoja wao alikwisha kumpenda. Watu hawa hawakuuliza wewe ni wa ukoo gani. Wameuliza umetenda nini. Basi nikalifuta nililoliandika, kwa kuwa mizani hiyo ni ya haki kuliko ile ya Alistair.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mchezaji ana nafsi mbili. Iko ile aliyoichagua ukurasa wa kwanza: sura, jina, jamii, kazi. Na iko ile inayojengeka polepole kwa majawabu yake, pengine bila yeye kujua.

Mchezo ulionifunza hili kuliko yote ni wa zamani kidogo, Planescape: Torment, wa mwaka 1999, uliotolewa tena mwaka 2017. Humo huchagui sura wala jina. Wewe ni mtu mwenye makovu mwili mzima, unaamka katika nyumba ya maiti, hufi, wala hukumbuki umepata kuishi mara ngapi. Mzuka wa mwanamke aitwaye Deionarra akutokea, akikulilia kama mpenzi, nawe humjui. Baadaye wapata khabari kwamba katika moja ya maisha yako yaliyopita ulijidai kumpenda ili akufuate mpaka afe, mzuka wake upate kukutumikia. Wala hukumpenda hata kidogo.

Na katika mchezo huo mahali pengi maneno yale yale huletwa mara mbili: moja limeandikwa kuwa ni kweli, na la pili limeandikwa kuwa ni uwongo. Sauti ni moja, herufi ni zile zile, anayesikia hasikii tofauti yo yote. Lakini mchezo waandika hesabu mbili mbali mbali, na tabia yako hugeuka kwa kadiri ya ulichokikusudia. Msomaji wetu hahitaji kukumbushwa khabari ya nia.

Nitakiri jambo moja la aibu. Nilipoketi kuucheza nyumbani kwa mpwa wangu, nilipofika kwa mzuka yule nikachagua maneno ya kumbembeleza, ambayo sikuyaamini, kwa kuwa nilitaka anionyeshe njia. Sikusita hata dakika. Mimi, mzee wa kuandika nasaha kila mwezi! Na ilipokuja kudhihiri kwamba yule mwovu wa zamani alimfanyia vivyo hivyo, nilizima mashine nikaenda kuketi barazani.

Wazazi wajue pia ya kujua. Dragon Age: Origins na Baldur's Gate 3 zimewekwa alama ya miaka 18 katika Ulaya, na si bure. Imo damu nyingi na imo faragha ya watu wazima. Katika Baldur's Gate 3 yako mahali pa kuuficha uchi, lakini hilo halitoshi kuufanya mchezo wa watoto. Mtoto mdogo asiachiwe. Huyu binti wa dada yetu si mtoto mdogo.

Basi dada, twakuomba umwendee. Usimwambie kwamba Alistair hayuko. Hilo alijua kabla yako. Wala usimpe hutuba. Keti naye, umwombe akuonyeshe yule Elfi aliyemtunga ana sura gani na jina gani, kwa kuwa huenda akawa amempa jina la nyanya yake au la kwake mwenyewe, na katika jina hilo utajua mengi.

Kisha umwulize jambo moja. Kabla Alistair hajawa mfalme, yeye na mchezaji huenda katika mji wa Denerim kumtafuta dada yake ambaye hajapata kumwona. Dada huyo ampokea kwa maneno makali na ataka fedha tu. Wakitoka mlangoni, Alistair amevunjika moyo, na mchezaji hupewa nafasi ya kumjibu. Aweza kumliwaza. Aweza pia kumwambia kwamba ndivyo dunia ilivyo, kila mtu ajiangalia nafsi yake, naye ni heri ajifunze. Akiambiwa hili la pili na kulishika, moyo wake hugeuka kuwa mgumu; na siku ya ufalme, mtu huyo mwenye moyo mgumu aweza kuendelea na yule Elfi, akawa kimada wake. Aliyeliwazwa ndiye huagana naye kabisa, kwa uchungu.

Mwulize binti yako alimwambia nini Alistair mlangoni pale.