Tupime kwanza, ndipo tununue

Wakulima wenzetu, katika koperative yetu tuko na Land Rover ya zamani, ya wakati ule ambapo dinamo ilifanya kazi inayofanywa leo na alternateri. Ndiyo inabeba mihogo na maharagwe kutoka upande wa Djugu mpaka Bunia. Mwaka uliopita ilitusumbua sana. Batri ilichemka mpaka ikakauka, tukanunua ya pili, nayo ikakauka vilevile. Fundi alifungua kofia ya injini, akatazama kidogo, akasema: "Regilateri imekufa, mulete ingine."

Tuliuza mifuko ya maharagwe tuliyoweka kwa ajili ya mbegu, tukanunua regilateri sokoni. Hakuna kilichobadilika. Kumbe ugonjwa ulikuwa waya ya masi, ni kusema ile inayofunga regilateri kwenye mwili wa gari. Ilishikwa na kutu. Regilateri isiposhika masi vizuri, inapima volti kidogo kuliko zile zilizopo, na dinamo inazidi kusukuma umeme mpaka batri inachemka. Ile regilateri tuliyotupa ilikuwa nzima.

Hatutaki kumlaumu fundi peke yake. Kosa lilikuwa letu pia, kwa sababu tulilipa bila kuuliza: umepima na nini?

Maoni yetu ni haya: kila koperative yenye gari, trakta au mashine ya zamani inunue mita moja ya kupima umeme, na watu wawili wajifunze kuitumia, dereva na mutu mwingine anayebaki kijijini. Mita ya kawaida ni rahisi kuliko batri.

Kwanza, tujue kile tulicho nacho. Kwenye gari na trakta nyingi za Uingereza, kama Land Rover, Bedford au Massey Ferguson 35, utakuta jina Lucas na namba kwenye sanduku la regilateri. RB106 iko na bobini mbili: moja inazuia umeme wa batri usirudi kwenye dinamo injini inapozimika, nyingine inachunga volti. RB340 iko na bobini tatu, ya tatu inachunga ampea. Mahali pa kufunga waya pameandikwa D, F na E. E ndiyo masi. Bosch ya Ujerumani inaandika D+, DF na B+. Usidanganyike kwamba F na DF ni kitu kimoja. Kwa Lucas, regilateri inaleta umeme kwenye F kutoka D. Kwa Bosch nyingi, inafunga DF kwenye masi. Jaribio linalofaa moja linaweza kuunguza ingine. Tazama pia kama ni ya volti 6, 12 au 24, na kama ni plus au minus ya batri iliyofungwa kwenye mwili wa gari. Land Rover nyingi za zamani zilifunga plus.

Halafu tupime. Batri nzuri ya volti 12 iliyopumzika usiku kucha inaonyesha karibu 12.6. Washa injini, ongeza mwendo kidogo: inapaswa kupanda mpaka karibu 14. Ikipita 15 na kuendelea, anza na masi. Isipopanda kabisa, tazama mkanda, halafu pima dinamo peke yake. Kwa Lucas, toa waya za D na F kwenye dinamo, unganisha sehemu hizo mbili kwa waya fupi, weka mita kati yake na mwili wa gari. Ongeza mwendo polepole, bila kufikisha volti 20. Mita ikipanda haraka, dinamo ni nzima, tafuta kwenye waya na regilateri. Isipopanda, tazama makaa ya dinamo na koili yake. Na zile visi za kurekebisha bobini, mutu asiziguse bila mita mkononi.

Wengine watatuambia: "Muache mambo ya zamani, mufunge alternateri." Ni shauri zuri kwa mwenye feza. Lakini alternateri nayo inataka vyuma vya kuishika, na mara nyingi kugeuza plus na minus ya gari nzima. Na kama waya ya masi imeoza, itaoza pia chini ya alternateri mpya.

Hili si jambo la mafundi tu. Gari ya benzini ikiishiwa umeme inasimama. Ya dizeli inaweza kuendelea, lakini bila taa. Wote tunaotumia barabara ya Bunia kwenda Mahagi tunajua maana ya kukutwa na giza njiani, mzigo ukiwa juu na mama wauzaji wamekaa juu ya mifuko.

Kwa hiyo tunaomba wale wanaotupatia mafunzo ya mbegu na ghala waongeze siku moja ya mita. Na sisi washiriki, fundi akisema kitu kimekufa, tumuombe kwa heshima: "Kaka, tuonyeshe kwenye mita." Maharagwe ya mbegu yabaki kwa ajili ya shamba.