Mgeni wa kamusi elezo aongozwe, asifukuzwe

Wiki chache zilizopita alifika ofisini kwetu kijana mmoja anayefundisha katika kata ya Mkula, Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Hakuja na habari ya kuchapishwa, bali alikuja na malalamiko. Alikuwa ameandika aya sita juu ya kata anayofanyia kazi, akaziweka katika Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ya mtandao ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuisoma na kuihariri bila ya malipo. Usiku ule alilala na furaha yake. Alipoamka, aya zote sita zilikuwa zimeondolewa, na ukurasa wa Mkula umerudia mistari yake michache ya zamani. "Wamenifuta," alituambia, kana kwamba kilichofutwa ni yeye mwenyewe wala si maneno yake.

Tulimsikiliza, kisha tukamwomba atuonyeshe alichokiandika. Katika kamusi hiyo maneno hayapotei kwa urahisi: kila badiliko huwekwa katika historia ya ukurasa pamoja na saa lilipofanywa, jina la aliyelifanya, na sababu aliyoitoa. Tukasoma. Hatuna budi kusema kweli kwamba aliyeziondoa aya zile hakumdhulumu mtu. Mbili zilikuwa zimenakiliwa neno kwa neno kutoka tovuti nyingine, jambo ambalo sheria ya hakimiliki hailiruhusu. Ya tatu ilimsifu kiongozi mmoja wa pale kwa maneno ambayo hata sisi, tuliokulia katika risala na hotuba za makaribisho, tuliona yametiwa chumvi nyingi. Tatu zilizosalia zilikuwa nzuri, zenye habari za pamba, za hospitali na za watu wa mahali pale, lakini hazikuonyesha popote zilikotoka. Na sababu aliyopewa kijana ilikuwa maneno matatu ya kifundi ambayo hakuyaelewa.

Basi aliyeondoa alikuwa na haki, na aliyeondolewa alikuwa na uchungu, na ukurasa wa Mkula ukabaki kama ulivyokuwa. Hasara hiyo haikuandikwa katika historia ya ukurasa wo wote.

Wasomaji wetu wa Ukerewe na Ukara watauliza jambo hili linawahusu nini. Tunawajibu kwa kuwakumbusha siku wasiyoweza kuisahau. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya kikitokea Bugolora. Siku ile ya kwanza idadi ya waliokufa ilitajwa kwa makumi. Kesho yake ikapita mia moja. Hatimaye Serikali ikatangaza kuwa marehemu ni 228 na waliookolewa ni 41. Kila idadi iliyotangulia ilinakiliwa mahali fulani duniani, na mwenye kuinakili mara nyingi hakurudi kuisahihisha. Mtoto wa Ukara anayesoma leo, akitaka kujua babu yake alikufa pamoja na watu wangapi, hatakwenda kufungua makabati ya wizara. Atafungua simu. Atakachokikuta humo kitakuwa kimeandikwa na mtu aliyejitolea, na tungependa mtu huyo awe anajua Bugolora iko upande gani na Bwisya upande gani.

Ng'ambo ya Ghuba ya Speke, Mkula nayo ina mfano wake, ingawa hauna msiba. Hadi mwaka 2012 eneo hilo lilikuwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Ulipoundwa Mkoa wa Simiyu, wenye makao yake makuu Bariadi, na ikazaliwa Wilaya ya Busega, Mkula ikahama mkoa bila ya kuhama mahali. Mwandishi wa mbali anayetegemea kitabu cha zamani ataiweka Mkula katika Magu, na hatakuwa mwongo. Atakuwa amechelewa tu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157 katika Mkoa wa Simiyu; ile ya mwaka 2022 ilihesabu 2,140,497. Watu zaidi ya nusu milioni wameongezeka katika miaka kumi, na mahali pengine wanaandikwa kana kwamba bado hawajazaliwa.

Wikipedia ya Kiingereza ilianza Januari 2001, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Leo ile ya kwanza ina makala zaidi ya milioni sita. Yetu imepita makala 80,000, ambazo si haba kwa kazi ya watu wachache wasiolipwa, lakini ni chache mno kwa lugha ambayo UNESCO, mwaka 2021, iliipa siku yake duniani, tarehe 7 Julai. Nyingi ya makala hizo, zikiwemo za kata zetu, ni mistari miwili au mitatu: jina la kata, wilaya, mkoa, idadi ya wakazi. Wenyewe huziita mbegu. Jina hilo tumelipenda, maana mkulima wa pamba anajua kuwa mbegu iliyokaa ghalani miaka mingi mno haioti tena.

Kwa nini hazioti? Wako wanaodhani kuwa dawa ni mashindano na zawadi. Dawa hiyo ilijaribiwa. Kati ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Makala kwa mamia ziliandikwa, zawadi zikatolewa, na baada ya hapo wengi wa washindani hawakuonekana tena. Hatuwalaumu vijana wale. Waliitwa kuvuna, wakavuna, wakaenda zao. Hakuna aliyekaa nao kuwaonyesha namna ya kulima.

Hata wakubwa limewapata. Wataalamu walioichunguza Wikipedia ya Kiingereza waliona kuwa idadi ya wahariri wake wenye bidii ilifika kilele mwaka 2007, kisha ikaanza kupungua. Moja ya sababu walizozitaja ni kwamba wageni wenye nia njema walikuwa wakifutiwa kazi yao upesi mno, mara nyingi kwa msaada wa mitambo, kabla ya mtu ye yote kuwasalimu. Kamusi ile ina mwongozo unaowataka wenyeji wasiwang'ate wageni. Ukiona sheria ya namna hiyo imeandikwa, ujue kung'atwa kulikuwapo.

Sisi tuliopita katika chuo cha Kurani kabla ya kuingia shule ya Serikali tunaikumbuka namna nyingine. Mtoto aliyekosea herufi hakuambiwa atoke akatafute kosa lake nje. Maalimu aliweka kidole palepale kwenye ubao, akasema, "Rudia." Ukarudia mpaka ulimi ukazoea. Ni kweli kwamba bakora nayo ilikuwapo, na hatuitetei. Lakini kidole kilitangulia. Na katika chuo kilekile tulijifunza kwamba maneno yanayonasibishwa na Mtume hayapokewi mpaka ijulikane nani kayapokea kwa nani. Mtu mwema anaweza kuleta habari njema na bado akaulizwa sanadi yake. Kijana wa Mkula alipolalamika kwamba anaombwa marejeo kwa jambo ambalo kila mtu wa pale analijua, tulimweleza hivyo, naye akaelewa upesi kuliko alivyoelewa maneno matatu ya kifundi.

Na kanda yetu hii ya ziwa haina haki ya kudai kwamba haijui kazi ya kumshika mkono anayeanza. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, huku kwetu tayari palikuwa na mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO tangu mwaka 1968, makao yake yakiwa Mwanza. Mzee wa shamba alijifunza kusoma kwa kitabu kilichozungumzia pamba, na mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Waliofundisha, wengi wao walikuwa watu wa kujitolea, baadhi yao vijana waliomaliza darasa la saba tu, wakikaa na watu wa umri wa baba zao chini ya mwembe au katika banda la shule. Mwaka 1974 likaanzishwa gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho, ili waliokwisha kujua kusoma wapate cha kusoma. Hakuna aliyefutwa darasani kwa sababu aliandika "pamba" kwa herufi iliyogeuka.

Turudi kwa kijana wetu. Tulimshauri asipigane na aliyemwondolea aya, bali aandike swali lake katika ukurasa wa majadiliano, kwa adabu, na aeleze kuwa ni mgeni. Akafanya hivyo. Siku ya pili alijibiwa na mchangiaji mkongwe ambaye hamjui kwa sura mpaka leo. Jibu lilianza, "Karibu sana, mwalimu," na hilo peke yake lilimtoa nusu ya hasira. Mkongwe yule hakumpa kitabu cha kanuni. Alimwambia asahihishe kwanza kosa moja la tahajia, po pote atakapolikuta. Kisha akamtaka aongeze sentensi moja tu, yenye tarakimu ya sensa ya 2022 na mahali ilipochapishwa. Kisha aiandike tena moja ya aya zake kwa maneno yake mwenyewe, katika ukurasa wa majaribio ambao msomaji wa kawaida haukuti, naye angeipitia. Alipokosea, mkongwe hakumfanyia, alimwonyesha mstari na kumwuliza, "Hili umelitoa wapi?" Juu ya yule kiongozi aliyesifiwa, alimwambia kwa upole kuwa kamusi elezo husema mtu alifanya nini na lini, na msomaji ataamua mwenyewe kama anastahili makofi. Maneno hayo tungependa yabandikwe katika ofisi kadhaa.

Hiyo ndiyo kazi ya ulezi, na ilichukua jioni kama kumi hivi, nusu saa kila jioni. Wakongwe wa kamusi hii ni wachache na wana mengi ya kulinda dhidi ya waharibifu, ambao nao wapo. Hata hivyo tunawaomba kwamba kila wanapoondoa maneno ya mgeni, waache mstari mmoja wa Kiswahili cha watu: kosa ni lipi, na aanzie wapi.

Lakini hata mlezi mwema alifika mahali akakwama. Kijana alitaka kuandika habari za kuanzishwa kwa vijiji vya kata ile, kama alivyosimuliwa na wazee. Akaambiwa kuwa simulizi aliyoisikia mwenyewe haiwezi kuwa marejeo. Lazima iwe imechapishwa mahali panapoaminika. Alipouliza mahali gani, akajibiwa: kitabu, ripoti ya Serikali, au gazeti.

Chama kilitufundisha kujikosoa, basi na tujikosoe. Tulipekua makabati yetu tukitafuta tumeandika nini juu ya Mkula. Tulikuta ziara za viongozi. Tulikuta ufunguzi wa hili na uzinduzi wa lile. Habari ya watu wa Mkula wenyewe, ya nani alihamia lini na kwa nini, hatukuikuta. Gazeti la mkoa lisipoandika habari za kata, kamusi haina pa kushika, na mzee akifa kauli yake inakufa naye. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika kitabu chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 maarifa ya kisiwa kizima yalikaa katika karatasi za mtu mmoja. Yaliokoka kwa kuwa Kitereza alikuwa mvumilivu kupita kiasi, na si wazee wote watakaotungoja hivyo. Kuanzia mwezi ujao, ukurasa wetu wa sita utatoa kila Jumamosi nafasi ya simulizi za kata, pamoja na jina la msimulizi, kijiji na tarehe. Tutaanza na Mkula, kisha tutavuka maji kwenda Ukara.

Upande wa Serikali, tunasema na maofisa wa wilaya na kata kwa heshima, lakini bila ya kuficha. Kijana huyu alikwenda katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, kuomba aone orodha ya vijiji na mwaka kila kimoja kilipoandikishwa. Orodha hiyo si siri ya nchi. Aliambiwa alete barua. Alipoleta barua, aliambiwa barua ipitie kwa mkubwa wake wa kazi. Ofisa aliyempokea huenda hakuwa na nia mbaya. Huenda hakuwahi kuombwa kitu cha namna hiyo na mtu asiyetafuta ardhi wala kesi. Wakurugenzi wa halmashauri waweke orodha hizo, na tarakimu za sensa za kila kata, katika tovuti zao na katika mbao za matangazo, ili mwalimu, mwanafunzi na hata mpinzani wetu waweze kuzitaja bila ya kuomba ruhusa. Maofisa utamaduni nao, badala ya kungoja wiki ya maonyesho, waketi na vijana wawili au watatu wa kila tarafa na kuwafundisha kazi hii jioni, kama walivyofanya walimu wa kisomo.

Ukurasa wa Mkula sasa una aya mbili za kijana huyu zilizosimama bila ya kuguswa. Aya ya tatu, ya vijiji, ameiacha katika ukurasa wa majaribio na nafasi tupu mahali pa miaka. Barua yake ya pili ilipokewa ofisini na kupigwa muhuri, naye anangoja.