Mwenzi wa Njia na Swali la Kabila



Kati ya Uswisi na Italia, katika milima ya Alpi, lipo pito linaloitwa Grand-Saint-Bernard, kwenye kimo cha mita 2,469. Hapo juu kuna ziwa dogo, na karibu na ziwa kuna nyumba kubwa ya mawe ambayo Mtakatifu Bernardo, shemasi mkuu wa Aosta, aliianzisha karibu mwaka 1050 kwa ajili ya wasafiri. Wakanoni wanaoishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Augustino wanaihudumia hadi leo. Wakati wa joto magari hufika mlangoni. Katika majira ya baridi barabara hufungwa kwa miezi mingi, na anayetaka kulala pale hana budi kupanda kwa miguu kama kilomita sita kutoka mahali gari linapomwacha upande wa Uswisi. Chini ya viatu vyake hufunga raketi, yaani fremu pana zenye meno ya chuma, ili mguu usizame katika theluji. Anapofika, ziwa lenyewe halionekani. Liko chini ya barafu, na barafu iko chini ya theluji, na mgeni anaweza kudhani ameona uwanja.

Najua kwamba wengi wetu hatutafika huko. Wale wa Beni na Butembo, asubuhi isiyo na mawingu, wanaweza kuiona theluji yetu wenyewe juu ya Ruwenzori, ambako kilele cha Marguerite kina mita 5,109 na ambako pia yapo maziwa madogo chini ya barafu. Theluji hiyo inapungua, na wazee wanaliona hilo kuliko sisi. Hata hivyo leo nataka tuitazame safari ile ya Alpi, kwa sababu inafundisha kitu ambacho vikundi vyetu vya vijana vinakihitaji sasa: namna ya kutembea na mtu tusiyemfahamu.

Wanaopanda kwenda Grand-Saint-Bernard wakati wa baridi hawajuani wote. Mara nyingi watu hukutana asubuhi ileile, kila mmoja na mfuko wake mgongoni. Njia inapita katika bonde ambalo jina lake la Kifaransa maana yake ni Bonde la Wafu, na jina hilo halikutolewa kwa mzaha. Hatari kubwa ni maporomoko ya theluji. Kwa hiyo kila mmoja huvaa kifuani kifaa kidogo kinachotoa mawimbi ya redio, na mfukoni hubeba koleo jepesi na ufito mrefu unaokunjwa. Kabla ya kuanza safari, wenzi husimama na kukaguana: chako kinasikika? Changu kinasikika? Tazameni maana ya ukaguzi huo. Aliyefunikwa na theluji huwa na dakika chache tu. Baada ya robo saa hivi matumaini ya kumtoa akiwa hai hushuka kwa haraka. Helikopta ni nzuri, lakini kwa kawaida inatoka mbali na dakika hizo ni chache. Atakayekufukua ni yule aliyekuwa akitembea nyuma yako, yule ambaye saa mbili zilizopita hukujua hata jina lake.

Kisha kuna suala la mwendo. Katika theluji mpya, anayetangulia ndiye anayefungua njia kwa magoti yake. Wanaofuata hukanyaga mahali alipokanyaga. Kazi hiyo huchosha upesi, kwa hiyo hupokezana. Na mwendo wa kundi hupimwa kwa yule mwenye pumzi fupi, kwa kuwa kundi likikatika katikati ya ukungu, wenye nguvu nao hupotea.

Sasa turudi nyumbani. Katika parokia nyingi za mashariki mwa nchi yetu wamefika vijana ambao vita imewatoa katika vijiji vyao. Wamekuja na mama zao na magodoro, na wengine bila mama na bila godoro. Jumapili wanaingia kanisani na kukaa kwenye mabenchi ya nyuma. Baada ya Misa, kikundi cha vijana kinakutana, na mmoja wao anajikaza na kusogea karibu. Swali la kwanza analoulizwa, mara nyingi kwa sauti ya upole, ni hili: wewe ni wa kabila gani? Nasema wazi kwamba swali hilo, likiwa la kwanza, ni mlango unaofungwa. Mwenye kuuliza anaweza kuwa na nia njema kabisa. Lakini anayeulizwa ameshalisikia swali hilo njiani, kwenye vizuizi, kutoka kwa watu wenye bunduki, na anajua ni nini kilichowapata wengine baada ya kulijibu.

Katika Kitabu cha Tobiti kuna baba aliyeuliza vilevile. Mzee Tobiti ni kipofu, naye anamtuma mwanawe Tobia safari ndefu hadi Umedi kuchukua fedha iliyowekwa huko. Tobia anatoka nje kutafuta wa kumsindikiza, anamkuta kijana amesimama tayari. Baba anamwita ndani na kumwuliza: ni wa kabila gani, wa ukoo gani? Kijana kwanza anajaribu kulikwepa swali, mzee anasisitiza, ndipo anajibu kwamba yeye ni Azaria, wa ukoo ambao mzee anaufahamu na kuuheshimu. Mzee anafurahi, wanapatana ujira wa drakma moja kwa siku, na vijana wawili wanaondoka pamoja na mbwa wao. Sisi wasomaji tunajua kwamba kijana yule ni Malaika Rafaeli. Kabila alilolitaja halikuwa lake. Jambo ambalo Tobiti alisisitiza kulijua ndilo lisilomjulisha kitu chochote juu ya mwenzi wa mwanawe. Alikuja kumjua kwa njia nyingine: yule mgeni alimwonyesha Tobia namna ya kumkamata samaki wa mtoni, akamwokoa Sara mkewe, akamrudisha kijana nyumbani akiwa mzima, na dawa ya macho ya baba mkononi.

Najua jibu ambalo viongozi wengine wa vikundi watanipa. Watasema kwamba nyakati ni mbaya, kwamba si kila anayekuja anakuja kusali, na kwamba uangalifu nao ni fadhila. Wana haki. Mimi pia sitaki kikundi cha parokia kiwe uwanja usio na mwangalizi. Lakini angalieni tena wale watu wa theluji. Wao ni waangalifu kuliko sisi, maana wanaweza kufa mchana huohuo, na hakuna anayeuliza ukoo. Wanauliza: una maji? Umewahi kupanda? Mguu wako una jeraha? Kifaa chako kinafanya kazi? Haya ndiyo maswali ya uangalifu wa kweli, kwa sababu majibu yake yanaweza kuokoa maisha. Kijana aliyefika parokiani juma lililopita aulizwe amelala wapi, kama amekula, kama anajua kuimba au kupiga ngoma, kama alikuwa mhudumu wa altare kwao, na paroko wake wa zamani ni nani. Swali hili la mwisho peke yake litawapa viongozi habari zaidi kuliko jina la kabila, na Padre anaweza kulifuatilia kwa simu.

Wakanoni wa Grand-Saint-Bernard walipokea waliofika, wa imani yoyote. Mwezi wa Mei 1800 walilipokea hata jeshi la Napoleoni, watu maelfu kwa maelfu, wakawapa mkate, jibini na divai. (Deni la chakula hicho halikulipwa lote kwa muda mrefu sana, wenye mamlaka wanafanana kila mahali.) Mbwa wao wamejulikana duniani kote. Mmoja, Barry, aliyekufa mwaka 1814, anasifiwa kwa kuokoa watu zaidi ya arobaini. Kile kipipa cha pombe shingoni ni pambo la wachoraji. Lakini kinachonigusa zaidi ni kitu kisichochorwa sana: nyumba ndogo ya mawe ambamo walihifadhi maiti za wasafiri waliokutwa wamekufa katika theluji bila mtu wa kuwatambua. Hata aliyekufa bila jina, bila kabila, alikuwa na mahali pake.

Mwaka 2025 Kanisa limetupatia mashahidi wawili wanaolihusu jambo hili. Pier Giorgio Frassati wa Torino, aliyetangazwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba, alipenda milima, theluji na marafiki. Picha zake akiwa mlimani tunazo kwenye simu zetu. Tusisahau kwamba siku ya maziko yake, Julai 1925, barabara zilijaa maskini ambao jamaa yake hawakuwajua. Hao pia walikuwa wenzi wake. Na Floribert Bwana Chui wa Goma, ndugu yetu, aliyetangazwa Mwenyeheri tarehe 15 Juni, alikuwa rafiki wa watoto wa mtaani. Aliuawa mwaka 2007 kwa kuwa alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiingie sokoni. Chakula hicho kingeliwa na watu asiowajua.

Basi natoa pendekezo, na viongozi walijadili. Vikundi vyetu hupenda hija ya miguu, kwenda kwenye pango la Bikira Maria au parokia ya jirani. Katika hija ijayo, kila mwanachama wa zamani apewe mgeni mmoja wa kutembea naye toka asubuhi hadi jioni. Wagawane maji. Mwendo upangwe na mwenye pumzi fupi, hata kama tutachelewa wimbo wa kuingia. Na mgeni asibaki mgeni: kwa kipande fulani cha njia abebe msalaba na atangulie, sisi tumfuate. Orodha ya wawiliwawili isomwe mbele ya wote baada ya Misa ya Jumapili inayotangulia hija, wala isingoje asubuhi ya safari, kwa sababu asubuhi hiyo kila mmoja huwa ameshasimama karibu na rafiki yake.